Amashyuza ya Bugarama

Abiria wa meli za anasa huuziwa pasi ya spa: chumba cha mvuke, vitanda vya mawe yaliyopashwa joto kwa umeme. Wilayani Rusizi, Rwanda, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya 2006, joto la namna hiyo lilitoka ardhini lenyewe.

Chemchemi za Mashyuza, katika bonde la Bugarama, zinatokana na Bonde la Ufa. Maji hushuka kwenye nyufa, hupata moto, hupanda yakiwa yamebeba chokaa, kisha huiacha juu tabaka kwa tabaka. Wenyeji walioga humo wakitafuta nafuu ya maumivu ya viungo na magonjwa ya ngozi. Hakuna aliyekata tiketi.

Chokaa hiyohiyo ndiyo iliyowavuta wenye viwanda. Tangu 1984 kampuni ya CIMERWA inachimba mawe ya hapo na kuyageuza saruji. Kwa hiyo nyumba nyingi za Rwanda, ukitaka kutania, zimejengwa kwa masalia ya bafu.

Biashara ya kujitibu kwa maji moto imeshamiri zaidi kaskazini, Nyamyumba karibu na Gisenyi, ambako mgeni hutumbukiza miguu na kumlipa mkandaji. Kutoka Kamembe, mji wa Rusizi, mtu hufika huko kwa boti ya Ziwa Kivu.