Mkutano wa watengenezaji wa programu huria: nani anauandaa, nani anaulipia?

Kila mwaka, mamia ya watu wanaotengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Debian husafiri kutoka nchi mbalimbali na kukaa pamoja kwa wiki moja au mbili. Mkutano wao huitwa DebConf. Hakuna kampuni inayoumiliki. Wanaopokea wageni, wanaoshika kamera, wanaotafuta vyumba na wanaopanga ratiba ni watu wa kujitolea. Makala hii inaeleza jinsi mkutano wa namna hiyo unavyoendeshwa, fedha zake zinakotoka, na kwa nini jambo hili linamhusu hata mtu mwenye simu kijijini.

Programu huria ni nini?

Fikiria mashine mbili za kusaga nafaka. Ya kwanza imefungwa na kampuni, na ikiharibika ni fundi wa kampuni tu anayeruhusiwa kuifungua. Ya pili inauzwa pamoja na michoro yake yote. Fundi yeyote anaweza kuifungua, kuitengeneza, hata kuunda nyingine kama hiyo.

Programu huria ni kama mashine ya pili. Maandishi yanayoiendesha yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Mfano unaojulikana zaidi ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Simu zote za Android zinatumia kiini cha Linux. Kwa hiyo ukiwa na simu ya Android mkononi, unatumia kazi ya watu wengi usiowajua.

Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Kazi yake ni kukusanya maelfu ya programu huria, kuzikagua na kuziunganisha ziwe mfumo mmoja unaofanya kazi. Toleo la 12, lililotoka mwaka 2023, lilikuwa na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000. Mfumo wa Ubuntu, unaotumika katika ofisi na vyuo vingi, umejengwa juu ya Debian.

Kwa nini wakutane ana kwa ana?

Watengenezaji hawa hufanya kazi kwa intaneti mwaka mzima. Wengi wanajuana kwa majina na maandishi tu. Hapo ndipo penye hatari, na mwaka 2024 hatari hiyo ilionekana wazi.

Kuna programu ndogo iitwayo XZ, ambayo hubana mafaili yawe madogo. Imo katika kompyuta nyingi duniani. Kwa miaka mingi ilikuwa ikitunzwa hasa na mtu mmoja, bila malipo, ambaye alikwisha kusema hadharani kuwa uwezo wake ni mdogo. Kuanzia mwaka 2021, mtu aliyejiita Jia Tan alianza kumsaidia. Alituma marekebisho mazuri, akaaminiwa, na hatimaye akapewa ruhusa ya kutoa matoleo mapya. Mapema mwaka 2024 akaingiza kwa siri mlango wa nyuma, yaani njia ya kuwawezesha wavamizi kuingia katika kompyuta za watu wengine.

Mwishoni mwa Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuwa kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kutoka mbali kulikuwa kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Alitafuta sababu na akaugundua ule mlango. Kompyuta hiyo ilikuwa ikitumia toleo la Debian ambalo bado linajaribiwa. Toleo rasmi la Debian, ambalo ndilo linalotumiwa na watu wengi, lilikuwa bado halijafikiwa. Mpaka leo haijulikani hadharani Jia Tan ni nani.

Kukutana uso kwa uso hakuzuii udanganyifu wote. Mtu mwovu naye anaweza kupanda ndege. Hata hivyo, mkutano husaidia kwa njia mbili. Kwanza, washiriki huonyeshana vitambulisho na kuthibitisha funguo zao za kidijitali, ambazo ni kama mhuri unaoonyesha kuwa kazi fulani imetumwa na mtu fulani kweli. Pili, aliyelemewa na kazi huonekana. Kwa maandishi mtu anaweza kujibu kuwa yuko salama, lakini mkikaa naye mezani kwa siku tano mtajua kama amechoka, na mwingine atajitolea kubeba sehemu ya mzigo.

Mji huchaguliwaje?

DebConf ya kwanza ilifanyika Bordeaux, Ufaransa, mwaka 2000. Tangu hapo imekuwa ikihama. Mwaka 2016 ilifika Afrika kwa mara ya kwanza, katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 2019 ilikuwa Curitiba, Brazili, mwaka 2022 Prizren, Kosovo, mwaka 2023 Kochi, India, na mwaka 2024 Busan, Korea Kusini.

Utaratibu wake ni huu. Wenyeji wa mji fulani huunda kundi na kuandika ombi. Katika ombi hilo hueleza kumbi zilizopo, mahali pa kulala, bei ya chakula, hali ya intaneti, usafiri kutoka uwanja wa ndege, na urahisi wa kupata viza. Kamati ya DebConf husoma maombi, huuliza maswali, kisha huchagua. Uamuzi hutolewa mapema, kwa kawaida zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mkutano.

Swali gumu kuliko la ukumbi ni hili: je, wenyeji wako wangapi, na watadumu? Kundi la watu wawili wenye ari kubwa linaweza kuanza vizuri na kuishiwa nguvu miezi sita kabla ya siku yenyewe. Ndiyo maana wenyeji hawaachwi peke yao. Watu walioandaa mikutano ya miaka iliyopita huendelea kusaidia kwa mbali katika video, ratiba, tovuti na hesabu.

Fedha zinatoka wapi?

Aliyewahi kuwa katika kamati ya harusi ataelewa haraka. Kuna bajeti, kuna ahadi za michango, kuna mweka hazina, na kuna wasiwasi kwamba ahadi hazitatimizwa kwa wakati.

Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa wafadhili, hasa kampuni zinazotumia programu huria katika biashara zao. Wafadhili hupangwa kwa madaraja kulingana na kiasi walichotoa, na majina yao hutangazwa. Washiriki wa kawaida wanaweza kujiandikisha bila ada, lakini wanaotumwa na waajiri wao huombwa walipe.

Debian yenyewe haijasajiliwa kama kampuni au shirika. Fedha zake hutunzwa na mashirika yanayoaminiwa, kwa mfano Software in the Public Interest la Marekani. Wanaoandaa mkutano huomba idhini ya bajeti kwa kiongozi wa mradi, ambaye huchaguliwa kila mwaka kwa kura za wanachama. Kwa njia hiyo, anayetumia fedha siye anayezitunza wala anayeidhinisha matumizi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinaujua utaratibu huo: sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu.

Sehemu ya bajeti huwekwa kando kuwasaidia wasio na uwezo. Msaada huo unaweza kuwa chakula na malazi, au kujumuisha nauli pia. Kamati huangalia mambo mawili: kazi ambayo mwombaji amefanya au anaweza kufanya, na hali yake ya kifedha.

Kazi hugawanywaje?

Mkutano wenyewe hutanguliwa na siku za kazi ziitwazo DebCamp. Watu hufika mapema, hukaa na kompyuta zao, na kumaliza mambo yaliyokwama. Baadaye huanza mihadhara na vikao vya majadiliano. Katikati ya wiki kuna siku ya matembezi, ili watu wapumzike na kufahamiana.

Kazi za kila siku huwekwa kwenye orodha, na kila mshiriki anaweza kujiandikisha kwa zamu. Kuna zamu ya mapokezi, ya kushika kamera, ya kurekebisha sauti, na ya kumtambulisha mzungumzaji na kumwonyesha muda uliobaki. Huhitaji kuwa mtaalamu. Mafunzo mafupi hutolewa mwanzoni, kisha unapewa kamera. Katika mkutano huu, aliyeandika programu inayotumiwa na mamilioni anaweza kukutwa mapokezi akigawa vitambulisho vya kuvaa shingoni.

Mihadhara hurushwa moja kwa moja kwa intaneti na kuhifadhiwa ili yeyote aitazame bure. Maandalizi hayo yalisaidia sana wakati wa korona, kwani mikutano ya mwaka 2020 na 2021 ilifanyika kwa intaneti pekee.

Kuna pia kanuni za maadili na watu maalumu wa kupokea malalamiko. Watu wa dini, lugha na mila tofauti wanakaa pamoja siku nyingi, na mgeni anayenyanyaswa lazima ajue wa kumwendea kabla tatizo halijatokea.

Kikwazo cha viza

Mwenye pasipoti ya Ujerumani au Japani mara nyingi huamua kuhudhuria, hukata tiketi, na kuondoka. Mtanzania, Mkenya au Mrundi anayealikwa Ulaya hutakiwa kupeleka barua ya mwaliko, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi na bima, na kulipa ada ambayo hairudishwi hata akikataliwa. Kijana asiye na ajira rasmi anaweza kukataliwa ingawa kazi yake inatumika duniani kote. Wenyeji huandika barua za mwaliko, lakini uamuzi ni wa ubalozi. Hapo ndipo kuhamahama kwa mkutano kunaposaidia: nchi inapobadilika, wanaoweza kufika nao hubadilika.

Siyo mikutano yote inayohama. FOSDEM hufanyika Brussels, Ubelgiji, kila mwaka mwanzoni mwa Februari au siku chache kabla. Huendeshwa pia na watu wa kujitolea, kiingilio ni bure, na hakuna kujiandikisha. Maelfu ya watu huingia tu. Ni mkubwa na rahisi kwa wakazi wa Ulaya, lakini kwa mtu wa mbali nauli na viza bado viko palepale.

Afrika Mashariki imo

Mikutano ya aina hii imewahi kufika kwetu. Agosti 2018, Dar es Salaam ilipokea FOSS4G, mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani. Septemba 2024, Nairobi ilipokea State of the Map, mkutano wa dunia wa wachoraji wa OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea na iliyo wazi kwa kila mtu.

Dar es Salaam ilikuwa na sababu ya kuchaguliwa. Mradi wa Ramani Huria ulikuwa umewashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kama Tandale kuchora nyumba, njia na mitaro, ili ijulikane maji ya mafuriko yanapita wapi. Wageni walikuja kujifunza kwa watu waliokuwa wamekwisha kufanya kazi hiyo.

Unaweza kuanzia wapi?

Huhitaji kusafiri wala kujua kuandika programu. Kwa simu unaweza kuongeza zahanati, kisima au shule ya kijiji chako kwenye OpenStreetMap. Unaweza kusaidia kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, kwani nyingi bado hazijakamilika. Video za DebConf na FOSDEM ni za bure, ingawa zinakula bando, hivyo ni afadhali kuzipakua penye Wi-Fi.

Kwa anayetamani kusafiri siku moja, kazi hizo ndogo ndizo zinazohesabiwa. Kamati ya misaada ikisoma ombi lako, swali la kwanza litakuwa umefanya nini mpaka sasa, na jibu lake huwa tayari limeandikwa kwenye mradi wenyewe, kwa jina lako na tarehe.