Arusha, Nairobi na Uwanja wa KIA

Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, unapata takriban kilomita 235. Hadi Dar es Salaam ni kama 450. Safari ya Nairobi, basi, ni kama nusu tu ya ile ya Dar. Lakini historia ya usafiri wa anga wa Arusha, chini ya Mlima Meru, inaonyesha kuwa si kilomita zilizoamua msafiri afike saa ngapi. Walioamua ni watawala: uwanja umejengwa wapi, na mpaka uko wazi au umefungwa.

Nairobi ilitangulia. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1946, lilikuwa na makao yake huko, na uwanja wa Embakasi, ambao sasa ni Jomo Kenyatta, ulifunguliwa 1958. Mtalii wa Serengeti au Ngorongoro alishukia Kenya, akalala Kenya, kisha akavuka mpaka wa Namanga kwa gari la Kenya. Arusha aliipita tu. Ili fedha ya watalii hao ishuke moja kwa moja Tanzania, serikali ilijenga KIA kwa mkopo wa Italia na kuufungua 1971, wakati Arusha tayari ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 mambo yakaharibika. Jumuiya na shirika lake la ndege vilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka mwezi Februari, magari na ndege ndogo za utalii za Kenya zilizokutwa nchini zikazuiliwa, na mwezi Machi ikaundwa Air Tanzania. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mwendo wa chini ya saa moja hewani ukakatika, ingawa mlima haukusogea hata hatua.

Atakayepinga atasema jiografia nayo ina neno lake, na hakosei. Uwanja mdogo wa Arusha, pale Kisongo, uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na njia yake ya kurukia ilikuwa na urefu wa mita 1,600 hivi. Ndege kubwa ya Ulaya isingeweza kuutumia. Ndiyo maana KIA iliwekwa chini, kwenye tambarare ya Hai, ikapewa njia ya mita 3,600. Hata hivyo, lami hiyo ndefu ilikuwepo miaka yote ya mpaka kufungwa, wala haikumfikisha mtu Nairobi. Wengine watasema Nairobi ilishinda kwa wingi wa abiria. Sawa, lakini abiria hao hawakuota kama uyoga: walifuata makao ya shirika na uwanja, na hayo yaliwekwa kwa uamuzi wa kikoloni.

Leo msafiri wa Arusha anapita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti kabla hajaiona ndege, kisha anasubiri ukaguzi. Saa alizookoa angani anazirudisha ardhini. Si ajabu wengi bado wanapanda gari la Namanga, barabara ya kilomita 270 hivi. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini Arusha, 30 Novemba 1999. Viongozi wanaokutana katika Jumuiya hiyo wakitaka kuifupisha safari hii, waanze na tozo za tiketi na foleni za ukaguzi, maana lami ipo tangu 1971.