Si Baridi Yabisi: Jina la Maumivu ya Pia ya Goti

Juni na Julai Tunduma hushikwa na baridi ya nyanda za juu. Ukisimama asubuhi kwenye barabara kuu upande wa Mpemba, utawaona wabeba mizigo wa baiskeli wamevaa makoti mazito, magunia ya mahindi au mkaa yamefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu. Atapita mmoja anachechemea. Muulize ana nini, atakujibu bila kusita: "Baridi yabisi hii, mzee."

Nami nililiamini jibu hilo kuhusu goti langu la kulia kwa karibu miaka miwili. Nina baiskeli ya Phoenix ya gia moja, naiendesha kwenda shamba na kurudi. Goti lilianza kuuma kwa mbele, nyuma ya ule mfupa wa mviringo. Nikipumzika siku nne, kimya. Nikipanda kilima siku ya tano, limerudi. Kwenye zahanati niliyokwenda nilipewa vidonge vya kutuliza maumivu na dawa ya kuchua, nikaambiwa nivae suruali nzito. Sikuulizwa ninakaaje juu ya baiskeli, wala mimi sikufikiri kulisema. Jina la ugonjwa lilikuwa limeshatuelekeza wote wawili upande wa baridi.

Baridi yabisi ni jina zuri kwa ugonjwa wake. Yabisi ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake kukauka na kuwa kigumu, na kweli kuna magonjwa ya viungo yanayomfanya mtu aamke amekakamaa, viungo vimevimba, mara nyingi pande zote mbili za mwili. Lakini goti linalouma kwa pedali na kutulia kwa mapumziko si hilo. Wala si jongo. Na si haki kuliita maumivu sugu kabla ya wakati. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota mahali panaposuguliwa sana, ndipo neno likapanuka hadi kwenye ugonjwa usiosikia dawa. Ukimwambia kijana wa miaka 25 kwamba goti lake ni sugu, umemwambia azoee. Ilhali hili ni goti linalopona sababu yake ikiondolewa.

Jina la kitaalamu la maumivu haya limeundwa kwa Kilatini cha madaktari: patella, yaani sahani ndogo, na femur, yaani mfupa wa paja, kisha mwishoni neno la Kigiriki lenye maana ya dalili zinazotembea pamoja. Kiswahili kina vipande vyote viwili vya mwanzo. Femur ni fupaja. Patella ni pia ya goti. Kamusi zina pia neno kilegesambwa, nalo ni letu, ila sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu yeyote hapa mpakani, na istilahi ya ugonjwa wa watu wa barabarani yafaa iwe kwenye midomo yao.

Tulitazame neno "pia". Ni ule mchezo wa watoto, kigogo kilichochongwa kipana juu na chenye ncha chini, kinachozungushwa kwa kamba. Mfupa wenyewe ndivyo ulivyo: mpana juu, umechongoka chini. Warumi waliona sahani, Waingereza wakaona kofia, Waswahili wakaona pia. Nadhani sisi ndio tuliotazama vizuri zaidi, maana sahani na kofia hazina ile ncha ya chini. Jambo moja tu neno letu halilibebi: pia ya goti haizunguki. Inateleza juu na chini ndani ya mfereji ulio kwenye ncha ya fupaja, ikiwa imetandikwa gegedu laini. Umbo lake ni la pia, kazi yake ni ya kapi. Kama kapi linavyoipa kamba nguvu ya kuvuta ndoo kutoka kisimani, mfupa huu huipa misuli ya paja nguvu ya kunyoosha mguu.

Mfupa huu una ndugu. Mifupa midogo inayojificha ndani ya kano hupewa na wataalamu jina linalotokana na ufuta, kwa kuwa mingi yake ni kama punje za ufuta, na pia ya goti ndiyo kubwa kuliko yote. Kwa mkoa wetu, ambao wakulima wake wa wilaya ya Momba huuza ufuta kwa magunia, "mfupa ufuta" lingekuwa jina la kueleweka mara moja, nami ningependa kuliona likishika.

Sasa lile neno la mwisho, la dalili zinazotembea pamoja. Wapo wanaoandika sindromu. Sioni haja yake hapa. Tulipoupa UKIMWI jina lake tulilitupa neno hilo, tukasema tu upungufu wa kinga mwilini, na hakuna aliyepotea njia. Kwa hiyo ninaandika maumivu ya pia ya goti, basi. Rafiki yangu muuguzi alinipinga: maumivu ni dalili, si ugonjwa. Ni kweli, lakini hapa dalili ndiyo inayoutambulisha ugonjwa. Mara nyingi picha ya eksirei haionyeshi kasoro yoyote, na daktari hutegemea maelezo: linauma kwa mbele, linauma ukichuchumaa, linauma ukishuka ngazi, linauma ukikaa muda mrefu goti limekunjwa. Anayepanda basi la Dar es Salaam kutoka Tunduma akashuka Mbeya kunyoosha mguu, goti likiungua, ameshajieleza.

Sababu iko kwenye hesabu ya mikunjo. Ukitembea tambarare, pia hukandamizwa kwa nguvu ya karibu nusu ya uzito wako. Kupanda ngazi huifikisha mara tatu na zaidi, na kuchuchumaa sana huweza kufika mara saba. Goti likikunjwa zaidi, mkandamizo huongezeka. Baiskeli yenye siti ya chini humfanya mtu achuchumae kidogo kila mzunguko, na mizunguko 60 kwa dakika ni 3,600 kwa saa, kwa kila goti. Ongeza magunia mawili na mwinuko.

Hali hii ya kuumia kidogo kidogo bila tukio lolote nayo inahitaji jina. Wengine hutafsiri jeraha la matumizi ya kupita kiasi. Silipendi, kwa sababu linamlaumu anayefanya kazi: amezidisha. Mbeba mizigo hana kiasi kingine, mzigo ndio ugali wake. Ninasema jeraha la marudio. Neno hili linabeba maana mbili kwa pamoja, kwamba marudio ya mkunjo ndiyo yaliyoumiza, na kwamba maumivu yenyewe hurudi. Mwanaisimu atasema istilahi isiwe na maana mbili. Hapa zote mbili ni za kweli.

Watu wa baiskeli za mpakani wameshaipa lugha hii neno kubwa. Bodaboda lilizaliwa Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa vijana waliovusha watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Wa Tunduma, na wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, wanastahili nao majina sahihi ya miili yao.

Nilikwenda na maneno haya kwa fundi anayenitengenezea baiskeli. Alikuwepo kijana mmoja anayebeba mkaa, anayechechemea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo goti linauma wapi?"

Akagusa mbele, juu ya pia. Nikamwomba akae kwenye siti, fundi akashika keria, nikamwambia aweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ulipaswa kunyooka wote, ili mbele ya unyayo ikirudi kwenye pedali ubaki mkunjo mdogo tu. Wa kwake ulikuwa umekunjwa kama wa mtu aliyekaa kwenye kigoda.

"Nimeishusha makusudi," akasema. "Nikisimama na mzigo lazima miguu yote ifike chini. Mkaa ukinielemea ninaanguka."

Hakuna kitabu nilichosoma kilichonieleza hilo. Ana haki, na bado goti lake linalipa. Fundi ndiye aliyepata njia: usisimame ukiwa umekaa, shuka mbele ya siti ukiwa umeupanda mwambaa wa fremu. Halafu akasema kuhusu sproketi ya nyuma. Ya kijana ilikuwa na meno 18. Ukiweka ya meno 22, kwenye mlima uleule nguvu ya kukanyaga hupungua karibu moja ya tano, ingawa utakanyaga mara nyingi zaidi na utachelewa kidogo. Mimi nikaongeza kuimarisha misuli ya paja na nyonga, maana ndiyo tiba yenye matokeo mazuri kuliko vidonge: kuegemea ukuta na kujishusha kidogo bila kufika penye maumivu, na kulala ubavu ukiinua mguu wa juu. Na pale mlima unapomshinda, asukume. Goti likivimba, likijifunga, likiwa la moto pamoja na homa, au likilegea ghafla, hapo ni hospitali, si kwa fundi.

Maumivu ya nyuma ya goti nayo yapo, mara nyingi kwa siti iliyopandishwa mno, kwa hiyo fundi hakuipandisha yote kwa siku moja. Aliinua vidole viwili, akakaza nati, akachora alama ya rangi nyeupe kwenye bomba la siti. Kijana akazunguka kibanda mara moja, akarudi akisema anajiona yuko juu sana. Jumamosi anarudi kwa kidole cha tatu.