Jinsi sumu ya nyoka inavyokata mawasiliano ya seli mwilini

SUMU ya koboko, nyoka ambaye wengi humwita blaki mamba, haihitaji kuvimbisha mguu wala kumwaga damu ili imuue mtu. Huenda moja kwa moja hadi mahali ambapo seli za neva hupeana ujumbe na seli za misuli, ikayakata mawasiliano hayo. Mgonjwa hushindwa kupumua ilhali moyo wake ungali unapiga.

Kwa wakazi wa Voi, Mwatate, Kasigau na Taveta, jambo hili si somo la darasani tu. Takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na vijiji, malisho na mashamba ya mkonge yamepakana na pori. Walio katika hatari zaidi ni wakulima, wachungaji, wakataji mkonge na watoto.

Anayefahamu jinsi seli zinavyowasiliana huelewa pia kwa nini baadhi ya tiba zilizozoeleka vijijini hazifai kitu, na kwa nini kila dakika ina thamani.

Seli huwasiliana vipi?

Mwili wa binadamu una seli zipatazo trilioni 30, na hakuna hata moja inayofanya kazi peke yake. Seli inayotuma ujumbe huachilia kemikali. Seli inayopokea huwa na vipokezi, yaani protini zenye umbo maalumu, ambazo nyingi hukaa juu ya utando wake. Kila kipokezi hukubali kemikali inayolingana nacho, mfano wa kufuli na ufunguo wake. Kemikali inaponasa, kazi huanza ndani ya seli: msuli hukaza, tezi hutoa jasho, au sukari huingizwa kutoka kwenye damu.

Kuna ujumbe unaosafiri mbali. Insulini, mathalani, hutolewa na kongosho na kupelekwa na damu hadi kwenye misuli, ini na mafuta. Kongosho likishindwa kuitengeneza, au seli zikiacha kuitii inavyopaswa, mtu hupata ugonjwa wa kisukari.

Ujumbe wa neva husafiri mwendo mfupi mno. Mnamo 1921, mwanasayansi Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura, akaichochea neva ya moyo wa kwanza hadi mapigo yakapungua. Kisha alichukua maji yaliyouzunguka moyo huo, akayatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo. Ikathibitika kwamba neva hutumia kemikali kupeleka ujumbe. Loewi na Henry Dale walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kazi hiyo.

Kemikali yenyewe huitwa asetilikolini. Ndiyo pia inayoamrisha misuli ya miguu, ya kope na ya kupumua. Baada ya kufikisha ujumbe, huvunjwa mara moja na kimeng'enya maalumu ili msuli ulegee na kungoja amri nyingine.

Sumu inapoingilia kati

Sumu ya koboko huvuruga mfumo huu katika sehemu mbili. Kundi la kwanza la sumu hizo, liitwalo dendrotoksini, huziba milango ya madini ya potasiamu kwenye ncha za neva. Neva ikakosa kutulia, ikamwaga asetilikolini kupita kiasi, na misuli ikaanza kurukaruka. Kundi la pili hukalia vipokezi vya msuli bila kuvifungua, ufunguo halisi ukakosa pa kuingia.

Dalili hufuata mkondo huo. Kope hulegea, mgonjwa huona vitu viwili viwili, ulimi huwa mzito, na kumeza mate kunakuwa kazi. Hatimaye misuli ya kupumua husimama. Hayo yote yaweza kutokea katika muda wa saa chache, pengine hata chini ya hapo.

Sumu za namna hii ndizo zilizowafumbua macho wanasayansi. Mwaka 1963, Chang na Lee wa Taiwan walitenga sumu ya nyoka wa huko inayonata kwenye kipokezi cha asetilikolini. Mwaka 1970, kundi la Jean-Pierre Changeux jijini Paris liliitumia kukitambua kipokezi chenyewe, likitumia samaki mwenye umeme.

Aidha, si nyoka pekee wanaoharibu mawasiliano haya. Katika ugonjwa uitwao miasthenia gravisi, kinga ya mwili wa mgonjwa hushambulia vipokezi hivyo hivyo, na dalili ya kwanza mara nyingi ni kope kulegea. Nazo dawa za kuua wadudu za jamii ya organofosfeti, ambazo wakulima hunyunyizia mimea, huzuia kile kimeng'enya cha kuvunja asetilikolini. Ujumbe hukosa kukoma. Mtu akatokwa na jasho, mate na machozi, na kifua kikabana.

Nyoka wengine hutumia njia tofauti. Sumu ya kifutu huharibu nyama na mishipa ya damu. Seli zilizojeruhiwa hutoa ujumbe wa hatari, mishipa ikavuja, na kiungo kikavimba na kuuma sana. Swila naye hutema sumu machoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sehemu mbili za sumu ya swila hushirikiana kuziamsha neva za maumivu, jambo linalomfukuza adui upesi. Mtu aliyetemewa anapaswa kuoshwa macho papo hapo kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitalini.

Tiba inayofaa na isiyofaa

Kuchanja jeraha, kulinyonya, kupaka mafuta ya taa au kubandika jiwe jeusi hakurudishi ujumbe uliokatwa. Kufunga kamba kwa nguvu huweza kuua kiungo, hasa aliyeuma akiwa kifutu.

Linalotakiwa ni kumtuliza mgonjwa, kumvua pete, saa na bangili, kukifunga kiungo kwenye kipande cha ubao kisitikisike, na kumkimbiza hospitalini. Asitembee iwapo anaweza kubebwa. Akitapika, alazwe kwa ubavu. Watu wasipoteze muda wakimsaka nyoka.

Tiba halisi ni kingasumu, yaani dawa inayotengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo hadi damu yake itoe kingamwili. Kingamwili hizo hunasa sumu ingali kwenye damu. Sumu iliyokwisha kushika vipokezi huwa vigumu kuing'oa, na hapo ndipo kuchelewa kunapogharimu maisha. Hata hivyo, mgonjwa aliyechelewa bado anaweza kupona akisaidiwa kupumua kwa mashine hadi vipokezi vyake viwe huru tena.

Kingasumu lazima ilingane na nyoka wa eneo husika. Dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa Asia haimfai aliyeumwa na koboko wa Tsavo.

Shirika la Afya Ulimwenguni liliiorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Hukadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka duniani, na mwaka 2019 lilijiwekea lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Sumu hizo hizo zina manufaa pia. Captopril, dawa ya shinikizo la damu, ilibuniwa kutokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil. Mwaka 2012, watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba katika sumu ya koboko mna protini, waliyoiita mambaljini, inayozuia ujumbe wa maumivu katika panya.

Kwa sasa, lililo muhimu zaidi kwa familia zinazoishi mbali na Voi, mathalani Kasigau au Sagalla, ni kujua mapema ni kituo kipi cha afya kilicho karibu chenye kingasumu, na ni gari gani litakalopatikana usiku. Maswali hayo yaulizwe kabla ya nyoka kuuma.