Vancouver: Mji Ulioambiwa Haufai

Mwezi Juni mwaka 2009 Watanzania wengi walilisikia kwa mara ya kwanza jina la Memphis Grizzlies. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alikuwa amechaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, ile zamu ya timu kugawana wachezaji chipukizi, na timu iliyomchagua ilikuwa hiyo. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ni wachache waliojiuliza kwa nini timu ya Memphis, mji wa kusini mwa Marekani ulio kando ya mto Mississippi, ina jina la dubu wa milima ya magharibi. Jibu ni kwamba jina hilo halikuzaliwa Memphis. Lilizaliwa Vancouver, Kanada, ambako timu hiyo ilicheza misimu 6, kuanzia 1995 hadi 2001, kabla ya kufungashwa virago. Nyuma yake iliachwa hukumu inayorudiwa hadi leo: Vancouver si mji wa mpira wa kikapu wa kulipwa.

Nakusudia kuipima hukumu hiyo. Sina ushabiki wowote katika shauri hili. Kinachonivuta ni lugha yake. Tunaposema kwamba mji "haufai", tunazungumza kana kwamba kufaa ni tabia ya ardhi, kama rutuba au mwinuko. Anayesema hivyo hahitaji kumtaja aliyeweka masharti, aliyesaini mikataba, aliyeuza wala aliyenunua. Kila ninapokutana na sentensi ya namna hii, iwe inahusu kiwanda, reli au timu ya michezo, huwa nauliza waliotenda wamekwenda wapi.

Tuanze na dai jepesi kuliko yote, kwamba Wakanada na mchezo huu ni watu wasiojuana. James Naismith, aliyeubuni mchezo wenyewe huko Springfield, Massachusetts, mwezi Desemba 1891, alikuwa mzaliwa wa Almonte, Ontario. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi iliyokuja kuitwa NBA haikuchezwa New York wala Boston, bali Toronto, tarehe 1 Novemba 1946, New York Knickerbockers walipowashinda wenyeji wao, Toronto Huskies, kwa pointi 68 kwa 66. Huskies walivunjika baada ya msimu mmoja tu. Lakini mwaka huo huo zilivunjika pia timu za Cleveland, Detroit na Pittsburgh, na sijamsikia mtu akisema leo kwamba Detroit na Cleveland ni miji isiyofaa. Kushindwa kwa timu ya Marekani huitwa kushindwa kwa timu. Kushindwa kwa timu ya Kanada huwa ushahidi dhidi ya nchi nzima.

NBA ilirudi Kanada mwaka 1995 kwa timu mbili kwa mpigo, Toronto Raptors na Vancouver Grizzlies. Ada ya kuingia ilikuwa dola milioni 125 za Marekani kwa kila timu. Huko Vancouver aliyelibeba jambo hilo alikuwa Arthur Griffiths, ambaye familia yake ilimiliki timu ya hoki ya barafu ya Canucks, na ukumbi mpya, General Motors Place, ulijengwa kwa fedha za watu binafsi. Pamoja na ada hiyo, timu hizo mbili zilizuiwa kupata chaguo la kwanza la drafti katika miaka yao ya mwanzo. Wageni walilipa kiingilio cha ukumbini, kisha wakaambiwa wasisogelee meza kuu.

Matokeo uwanjani yalikuwa ya kusikitisha. Msimu wa kwanza Grizzlies walishinda mechi 15 na kupoteza 67, na katika msimu huo huo walipoteza mechi 23 mfululizo. Msimu wa pili walishinda 14. Katika misimu yote 6 walishinda mechi 101 na kupoteza 359, na hawakufika hata mara moja kwenye mechi za mtoano. Pamoja na hayo, msimu wa kwanza watazamaji walikuwa zaidi ya 17,000 kwa mechi kwa wastani. Idadi hiyo ilishuka hadi ikawa chini ya 14,000 katika msimu wa mwisho. Wapo wanaousoma mteremko huo kama ushahidi kwamba mji haukuupenda mchezo. Mimi nausoma kinyume. Watu waliojaza ukumbi kuitazama timu iliyoshinda mechi 15, na bado wakaja kwa maelfu mwaka wa 6 bila kuona nafuu, walikuwa na subira kuliko walivyostahili kudaiwa.

Udhaifu wa timu nao ulikuwa na wenyewe. Bryant Reeves, mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na Grizzlies katika drafti, alipewa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 60 za Marekani, kisha mwili wake ukamsaliti. Mwaka 1996 timu ilimchagua Shareef Abdur-Rahim, mchezaji hodari kwa kweli, lakini Steve Nash, aliyekulia Victoria katika jimbo hilo hilo la British Columbia, alichukuliwa na Phoenix akiwa wa 15, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Mwaka 1999 wakamchagua Steve Francis, naye akakataa waziwazi kuichezea Vancouver, hata ikabidi apelekwe Houston. Katika hayo, ni hili la Francis pekee linalougusa mji wenyewe, na hata hilo ni mashaka ya kijana mmoja ambaye hakuwa amevaa jezi ya timu hata siku moja.

Jambo zito zaidi lilikuwa sarafu. Tiketi ziliuzwa kwa dola za Kanada. Mishahara ililipwa kwa dola za Marekani. Mwaka 1995 dola moja ya Kanada ilikuwa na thamani ya takriban senti 73 za Marekani, na kufikia mwaka 2001 ilikuwa imeshuka hadi karibu senti 65. Maana yake ni kwamba mshahara wa dola milioni 1 za Marekani, uliomgharimu mwenye timu kiasi cha dola milioni 1.37 za Kanada mwanzoni, ulimgharimu kiasi cha milioni 1.54 mwishoni, bila mchezaji kuongezewa hata senti. Maumivu haya hayakuwa ya mpira wa kikapu peke yake. Timu za hoki za Quebec na Winnipeg zilihamia Marekani mwaka 1995 na 1996, na hakuna awezaye kudai kwamba Winnipeg, yenye baridi ile, haiujui mchezo wa barafu. Mwaka 2011, dola ya Kanada ilipokuwa imepanda na ligi ya hoki imekwisha kuweka kikomo cha mishahara, Winnipeg ilipata timu tena. Baridi na mashabiki walikuwa wale wale. Hesabu ndizo zilizokuwa zimebadilika.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Toronto ilitumia sarafu ile ile, ikabanwa na masharti yale yale ya drafti, na bado timu yake ipo. Pingamizi hili ni la haki, na linapaswa kujibiwa kwa tarakimu. Katika msimu wa 1997–98, wa tatu kwa timu zote mbili, Toronto ilishinda mechi 16 na Vancouver 19. Aliyeombwa wakati ule kutabiri timu ipi itahama angeweza kwa urahisi kuitaja Toronto. Kilichofuata ni mambo mawili. Kwanza, usiku wa drafti ya mwaka 1998 Toronto ilimpata Vince Carter, na ndani ya miaka miwili ikawa kwenye mechi za mtoano. Pili, mwaka huo huo kampuni yenye timu ya hoki ya Maple Leafs iliinunua Raptors pamoja na ukumbi uliokuwa ukijengwa. Miongoni mwa wenye hisa kubwa katika kampuni hiyo ulikuwamo mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario. Timu, ukumbi na majirani wa hoki vikawa chini ya paa moja.

Vancouver ilikwenda njia ya kinyume. Ilikuwa na umoja huo tangu mwanzo, kisha ikaupoteza. Griffiths alizidiwa na gharama, umiliki ukapita kwa John McCaw, na mwaka 2000 McCaw akaiuza Grizzlies peke yake kwa Michael Heisley, mfanyabiashara wa Chicago, huku yeye akibaki na hoki na ukumbi. Timu ikawa mpangaji katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Heisley alisema hadharani kwamba angeibakiza Vancouver. Kabla mwaka haujatimia aliomba ruhusa ya kuihamisha, na katikati ya mwaka 2001 akaipata. Tangu Kings walipoondoka Kansas City mwaka 1985, hakuna timu ya NBA iliyokuwa imehama.

Sikatai kwamba ukubwa una uzito. Toronto na vitongoji vyake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4 na makao makuu ya mabenki, ilhali Vancouver ilikuwa na watu milioni 1.8 na makampuni machache makubwa. Lakini timu ilihamia wapi? Memphis, eneo lenye watu zaidi kidogo ya milioni 1. Huko ilijengewa ukumbi wa dola milioni 250 za Marekani kwa hati fungani za umma. Kanada ilikuwa imekwisha kuamua vingine: mwezi Januari 2000 serikali ilitangaza mpango wa kuzisaidia timu za hoki kwa fedha za walipa kodi, na ndani ya siku chache ikaufuta kwa sababu ya hasira za wananchi. Naona wananchi wale walikuwa na haki. Ila basi tuseme ukweli: Memphis haikufaa zaidi, ililipa zaidi. Na msimu wa kwanza wa Memphis, Grizzlies walishinda mechi 23 na kupoteza 59, sawasawa kabisa na msimu wa mwisho wa Vancouver.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jua la Vancouver lilisingiziwa mno. Mwaka 2019 Toronto, ikiongozwa na Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, ilitwaa ubingwa wa NBA. Mwaka 2023 Kanada iliifunga Marekani 127 kwa 118 na kushika nafasi ya tatu ya dunia. Mwaka 2025 mchezaji bora wa NBA alikuwa Mkanada, Shai Gilgeous-Alexander. Hoja ya kwamba watu hawa hawaujui mchezo imekufa.

Je, Vancouver inaweza leo kuwa makao ya timu ya kulipwa? Kwa maoni yangu, inaweza, iwapo mwenye timu atakuwa pia na ukumbi, ataweka akiba dhidi ya kuyumba kwa sarafu, na atafungwa kwa mkataba wa kutohama kwa miaka mingi, si kwa ahadi ya mdomo. Ugumu uliobaki ni bei. Boston Celtics iliuzwa mwaka 2025 kwa thamani ya dola bilioni 6.1, na ligi inapozungumzia kuongeza timu, majina yanayotajwa zaidi ni Seattle na Las Vegas. Huenda Vancouver isiitwe tena kamwe. Ikiwa hivyo, iandikwe kwamba haikuitwa kwa sababu wenye fedha walichagua kwingine, na majina yao yawekwe mahali pake katika sentensi.