Vimeng'enya vya njia ya MEP

Njia ya MEP ni mfuatano wa vimeng'enya 7 ambavyo bakteria wengi na kloroplasti za mimea hutumia kuunda IPP na DMAPP, molekuli za kaboni 5 zinazojenga isoprenoidi zote. Mibuni ya Kilema, kwenye Mlima Kilimanjaro, hutegemea njia hii kupata karotenoidi na mkia wa klorofili. DXS huunganisha piruveti na gliseraldehidi-3-fosfeti, kisha DXR hugeuza zao hilo kuwa MEP yenyewe. Binadamu hana hata kimoja kati ya vimeng'enya hivyo. Hutumia njia ya mevaloneti. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, kinavyo vyote, ndani ya apikoplasti, oganeli yake inayofanana na kloroplasti.

Kwa sababu hiyo njia ya MEP ni shabaha bora ya dawa. Mwaka 1999 Hassan Jomaa na wenzake walionyesha kwamba dawa ya fosmidomisini huzuia DXR na kuponya panya wenye malaria. Mwaka 2011 Ellen Yeh na Joseph DeRisi waliangamiza apikoplasti kwa antibiotiki, lakini vimelea vilivyopewa IPP viliendelea kuishi. Katika hatua ya damu, basi, kuunda IPP ndiyo kazi pekee ya apikoplasti isiyo na mbadala. Wapo wanaopinga wakisema kwamba fosmidomisini ikitumiwa peke yake malaria hurudi kwa wagonjwa wengi. Ni kweli, kwani dawa hiyo hutoka mwilini upesi. Lakini huo ni udhaifu wa molekuli moja, si wa njia nzima: kimeng'enya kingine cha njia hii, IspD, nacho kimezuiwa maabara kwa kemikali ya aina nyingine kabisa, MMV008138.