Njia za Watu na Ramani za Serikali: Mipaka ya Ardhi ya Gitega na Muyinga

Kabla ya Wadachi kuhamishia makao ya utawala wao Gitega mwaka 1912, wakiiacha Usumbura (Bujumbura ya leo) kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka wa shamba katika milima ya Burundi ulihifadhiwa kwa ua wa miti ya miyenzi uliopandwa baina ya jirani na jirani, na kwa shahada ya bashingantahe, wazee waadilifu wa kila kilima, ambao mtu aliponunua au kurithi itongo, yaani shamba, walihudhuria wenyewe, wakaukanyaga mpaka kwa miguu yao, kisha wakanywa pombe ya ushuhuda hadharani, ili asiwepo wa kukanusha baadaye. Njia ya mtoni nayo ilijulikana hivyo hivyo, kwa kupitwa kila siku na kwa kumbukumbu za waliozeeka hapo.

Wabelgiji, waliowatoa Wadachi mwaka 1916, waliingiza kutoka Kongo sheria ya namna nyingine kabisa, yenye athari ya kanuni aliyoianzisha Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, kwamba miliki huthibiti kwa kuandikwa daftarini baada ya ardhi kupimwa na kuchorwa. Na pamoja nayo ikaja kanuni ya sheria ya Kifaransa ya mwaka 1804, kwamba ardhi iliyozungukwa pande zote hupewa haki ya kupita katika ardhi ya jirani, kwa kumlipa fidia. Lakini daftari hilo liliwafaa zaidi watu wa mjini, misheni na makampuni. Vilima vikabaki mikononi mwa wazee.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipoanza jambo zito: elimu mbili za ardhi zikaishi pamoja bila kusomana. Msiba wake ulidhihirika Muyinga, mji ulio karibu na mpaka wa Tanzania, pale waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliporejea baada ya miongo mingi wakakuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na mashahidi wengi wamekwisha kufariki. Ikalazimu mwaka 2006 kuundwa tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 haikuwa imetosha. Ile ya mwaka 2011 ndiyo iliyofungua mlango wa cheti cha ardhi kitolewacho na komuni, baada ya kamati ya kilima kufika shambani na majirani kusikilizwa. Nami naiona kuwa hatua ya busara kuliko zote, kwa kuwa inamrudisha mzee mpakani, safari hii akiwa pamoja na karatasi.

Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, mahitaji ya viwanja yameongezeka, na mashamba yanakatwa vipande vipande, kila kipande kikidai ramani, idhini na hati. Ramani hiyo yaweza kuonyesha pembe zote kwa usahihi, ikasahau kichochoro wanachopitia watoto kwenda kuteka maji. Na mnunuzi mgeni, asiyeona njia katika karatasi yake, atajenga ukuta juu yake bila ya kudhulumu kwa kukusudia. Basi ewe unayenunua kiwanja Gitega au Muyinga, kabla hujatia sahihi mwite mpimaji pamoja na majirani na wazee wa kilima, mzunguke wote, na kila njia mtakayoonyeshwa iandikwe katika hati ya mipaka.